Msumari wa Nne

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Eldoret kununua chupa ndogo ya mafuta ya linsidi, yale mafundi seremala hupaka mbao zisipasuke. Kijana wa duka alifungua kifuniko aone kama hayajaganda, na ile harufu ikanipiga puani nikashika kaunta kwa mikono miwili. Ilinirudisha nyuma kwa nguvu mpaka viatu vyangu vikapungua saizi.

"Mama, unapaka mlango ama kabati?" kijana akauliza.

"Napaka bati ya kriketi," nikamwambia.

Akanitazama vile vijana hututazama siku hizi, kwa heshima na huruma zilizochanganywa, halafu akanifungia chupa yangu kwa gazeti. Sikumlaumu. Yeye ni mtoto wa juzi. Lakini wewe wa rika langu, uliyekunywa maziwa ya bure shuleni kutoka zile pakiti za pembe tatu, ukasimama barabarani na bendera ya karatasi mpaka msafara ukapita, wewe nikikuambia kuhusu uwanja wa kriketi uliokuwa upande wa pili wa reli, huenda ukakumbuka. Kwa macho yangu ya wakati ule, uwanja huo ulianzia mlangoni kwetu Huruma na kuishia Uganda.

Mama yetu alikuwa akipika chai na sambusa katika jiko la kilabu siku za mechi. Jumapili tulitoka kanisani na nguo zetu nzuri, tukavuka reli, akafunga leso kiunoni na kuanza kukanda unga. Ndivyo mimi na kaka yangu Odhiambo tulivyokulia pale. Yeye alikuwa ameshakuwa mtu mzima, anatengeneza magari kwenye karakana ya jua kali, na mimi nilikuwa bado nang'oka meno. Kwa miaka mingi alirudisha mipira iliyopotea kwenye nyasi. Siku moja timu ikapungukiwa mtu, wakampa bati, lile gongo bapa la kupigia mpira, kwa kukosa namna, na kuanzia hapo hawakuweza tena kumnyang'anya. Mpira uliotoka kwa Odhiambo ulikuwa na sauti yake. Mama aliujua akiwa jikoni, mgongo ukiwa umegeukia uwanja. "Huyo ni wangu," alikuwa akisema, na kugeuza sambusa.

Mechi zetu zilikuwa za siku moja tu. Sikujua kama kuna watu duniani hucheza kriketi siku tano mfululizo. Nilipoambiwa baadaye nilidhani ni wagonjwa. Kwetu watu walianza asubuhi, wakamaliza jioni, kila mtu akarudi dukani kwake.

Jumba la kilabu lilikuwa la mbao, limezeeka mpaka limekuwa na rangi ya jivu. Ukuta wa nyuma, juu kabisa, kulikuwa na picha ya Mtukufu Rais kama ilivyokuwa katika kila duka na kila bucha. Chini yake kulikuwa na bati tatu, zimetundikwa kwa kamba kwenye misumari mirefu, kwa mstari. Zilikuwa za wapigaji watatu waliokufa.

Nikuambie sauti zake kwanza, kwa sababu ndizo zilizonikosesha usingizi. Mpigaji akisimama kungoja mpira, hugonga ardhi kwa ncha ya bati yake, taratibu, tok, tok, tok, mpaka mrushaji afike. Sasa zile bati za ukutani zilikuwa zikigonga mbao vivyo hivyo. Watu wazima walisema ni upepo unaopita kwenye nyufa. Lakini mimi nilizisikia siku ambazo moshi wa jiko la Mama ulikuwa umenyooka kama uzi. Tok, tok, tok. Kama mtu anangoja zamu yake na haoni kwa nini acheleweshwe.

Bati ya kwanza ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyelima ngano upande wa Moi's Bridge kabla ya uhuru. Wazee walimwita Bwana Ngano. Ya pili ilikuwa ya Kalasinga, Mhindi wa kilemba aliyekuwa na kiwanda cha kupasua mbao, mpigaji wa miaka ile ya uhuru. Ya tatu ilikuwa ya Jayu, mdogo wake Mzee Kanji, na huyo hata mimi nilimwona, au nafikiri nilimwona. Aliwahi kunipa peremende.

Sasa sikiliza desturi ya pale. Jumamosi kabla ya mechi kubwa ya mwaka, ile ya kucheza na watu wa Kitale, bati zilishushwa na kupakwa mafuta ya linsidi kwa kiganja cha mkono, siyo kitambaa. Na ukishika bati ya mtu, unamsemea. Unaanza na ile siku yake kubwa kuliko zote, unasema kana kwamba yuko pale kwa mkeka wa mpigaji sasa hivi: anapiga, anakimbia, anafika mikimbio mia. Halafu mafuta yakikaribia kuisha mkononi, unasema alivyoondoka duniani. Basi. Hakuna harusi, hakuna watoto, hakuna miaka ya katikati. Walisema bati isiyosemewa hupasuka.

Wasemaji walikuwa wawili. Mzee Kanji, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, alimsemea mdogo wake. Mzee Kariuki, mwenye duka la maharagwe na mafuta ya taa kule Langas, alimsemea Kalasinga, kwa sababu alipotoka kwao Nyeri akiwa kijana ni Kalasinga aliyempa kazi ya kwanza na kumfundisha mchezo. Kariuki huyu ndiye pia aliyekuwa refa wetu. Alikuwa mrefu, mkavu, na koti lake jeupe la urefa lilimfika magotini. Kwa mbali, wakati wa ukungu, lilikuwa likitembea peke yake.

Wazee hawa wawili walikuwa marafiki sana, kwa hiyo walitukanana kutoka saa nane mpaka giza.

"Kalasinga yako alipiga bila kikomo, Kariuki," Mzee Kanji alikuwa akianza, huku kiganja kikipanda na kushuka. "Wakati yake mechi ilikuwa naisha jua ikizama. Mtu anakaa pale kama anangoja pensheni. Jayu alikuwa na ova arobaini tu, mipira mia mbili arobaini, halafu kwisha. Mwenye haraka na mwenye nafasi, nani mkubwa?"

"Jayu wako alipigia juu ya saruji laini kama sahani," Mzee Kariuki akajibu. "Kalasinga alipigia juu ya mkeka uliotandikwa kwenye murram. Mpira ukigonga kokoto unaruka unakuja kukuuliza jina. Na hakukuwa na kofia ngumu. Kilemba tu."

"Kilemba ni kofia ngumu. Iko mita tano ya kitambaa."

"Kitambaa cha dukani kwako? Hicho hata umande unapita."

"Na warushaji wa zamani walikuwa wazee wa tumbo. Anatembea, anapumua, anarusha. Jayu alikutana na vijana."

"Wazee wa tumbo? Kanji, wewe ulikuwa mmoja wao."

Nilipenda maneno hayo kuliko hadithi za shuleni. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba miaka ile kulikuwa na maswali machache sana ya "nani mkubwa kuliko nani" ambayo mtu angeweza kuyauliza kwa sauti ya kawaida. Siku moja Mzee Kanji alipandisha sauti akasema, "Huyo wakati yake imepita, Kariuki, kubali tu," na dirisha likazibwa na kichwa. Alikuwa kijana wa chama, shati jekundu, rungu kwapani, mmoja wa wale waliokuwa wakipita sokoni kutazama nani anacheka nini.

"Wazee," akasema polepole. "Nani huyo wakati wake umepita?"

Nakuhakikishia hata nzi walitua. Hakuna aliyeinua macho kutazama ile picha ya juu ukutani, na kwa kutoitazama, ikawa kubwa kama mlango.

"Kalasinga," Mzee Kanji akasema.

"Kalasinga gani?"

"Ya mbao."

"Yuko wapi tumuulize mwenyewe?"

Mzee Kariuki akainua bati iliyokuwa magotini mwake, inang'aa mafuta. "Huyu hapa," akasema.

Yule kijana akaitazama bati. Akatutazama sisi mmoja mmoja. Na pale ukutani, ile bati ya Bwana Ngano iliyokuwa imebaki peke yake juu, ikagonga: tok. Hakukuwa na upepo. Kijana akaondoa kichwa chake dirishani kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni, na hakurudi tena pale, hata siku za sambusa za bure.

Mimi hapo ndipo nilipojua kwa uhakika kwamba wale watu walikuwa ndani.

Na nilikuwa na akili ya kuunganisha mambo. Ningekuwa mjinga kidogo ningelala vizuri. Nilikuwa nimesikia kila Jumamosi ya mafuta: Kalasinga anafika mia, uwanja mzima unasimama, halafu gogo linaanguka kutoka kwenye lori na kumlalia. Jayu anafika mia, wanambeba mabegani, halafu homa inamkamata Kisumu na hapati kurudi. Hata Bwana Ngano, ambaye hakuwa na msemaji, wazee walimtaja kwa ufupi: alifika mia, radi ikampiga akiwa juu ya trekta. Ningejuaje kwamba kati ya mia ya Kalasinga na lile gogo kulikuwa na miaka, na watoto watano, na kisukari? Desturi haikusema miaka. Nilichosikia mimi ni mia, halafu mauti. Nikaona ni kanuni ya mchezo, kama vile mpira ukiangusha vijiti vya nyuma yako unatoka mchezoni.

Sasa mwaka ule kila mtu alikuwa akisema jambo moja. Odhiambo atafika mia. Alikuwa bado hajafika katika mechi kubwa, lakini alikuwa anakaribia kama maji yanayopanda. Tena kulikuwa na mgeni atakayetoka Nairobi kumtazama, mtu mwenye karakana kubwa na mwenye wazimu wa kriketi, ambaye alikuwa ameahidi kwa mdomo wake kwamba kijana akifika mia mbele yake, atapata kazi ya kudumu na nafasi katika timu ya huko. Mama alikuwa ameanza kuimba jikoni. Odhiambo alikuwa amenunua soksi nyeupe mpya, akazilaza chini ya godoro zinyooke.

Jumamosi ile niliingia jumba la kilabu kabla ya wazee. Bati tatu zilikuwa zinagonga, kila moja kwa mwendo wake. Nikainua macho, na kando ya bati ya Jayu, kwa umbali ule ule, kwa urefu ule ule, nikaona msumari mpya.

Ulikuwa unang'aa. Chini yake, sakafuni, bado kulikuwa na unga wa mbao.

Wewe ungefikiri nini? Nilikaa chini nikautazama ule msumari, na nafasi tupu iliyokuwa chini yake ilikuwa na umbo la bati. Naapa niliona umbo lake. Niliona mpaka ule mpira mweusi wa tairi la ndani la baiskeli Odhiambo aliofunga kwenye mpini wa bati yake.

Sikuuliza. Katika akili yangu, kuuliza ni kulipa jambo ruhusa. Wazee walipoingia na chupa ya mafuta na matusi yao, nilikuwa nimeshapanga. Kama ukubwa ndio unaompeleka mtu ukutani, basi dawa ni moja: wale waliokufa wawe wakubwa mno, wakubwa kupita kiasi, mpaka asibaki mtu wa kusema Odhiambo anawafikia.

"Nipeni ile ya Mzungu," nikasema. "Nitamsemea."

Wazee wakatazamana. Bati hiyo haikuwa na mtu. Mzee Kariuki alikuwa amesema siku nyingi kwamba hawezi kumsemea mtu aliyemwita boy mpaka alipokuwa na mvi, na Mzee Kanji alisema Bwana huyo hakuwahi kumruhusu kupita mlango wa mbele wa jumba lile lile tulilokaa. Kwa hiyo ilipakwa haraka, kimya, na ilikuwa na ufa kutoka chini mpaka katikati.

"Utasema nini, Akinyi?" Mzee Kariuki akauliza. "Hata hukuwa umezaliwa."

"Namjua," nikasema.

Wakanishushia. Mbao ile ilikuwa nyepesi na baridi, na ilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka Turkana. Nikaanza. Nikasema Bwana Ngano yuko kwa mkeka. Nikasema anapiga mpira mmoja unavuka reli, unaingia kwenye behewa, unashushwa Malaba. Anapiga wa pili unakata kichwa cha tingatinga. Anapiga wa tatu, ngano yote ya Moi's Bridge inainama. Mia, mia mbili, mia nne, wanaohesabu wanakosa vidole wanaazima vya majirani. Nikafika kwenye radi, nikasema radi ilikuwa moja tu haikutosha, zikaja saba.

Nilipoishia, Mzee Kanji alikuwa amelalia benchi, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Kariuki, hii mtoto itakuwa mbunge," akasema. Mzee Kariuki hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta, kwa sababu pale ukutani kulikuwa kimya. Siku zote, hata wakati wa mafuta, kulikuwa na moja inayogonga. Sasa zote tatu zilikuwa chini, mikononi mwetu, na ile ya kwangu ilikuwa imetulia kama mtu aliyeshiba.

Nikaomba ya Kalasinga. Nikaomba ya Jayu. Niliwasemea wote watatu mchana ule mpaka sauti ikakwama, na kila nilipofika mahali pa ukweli niliruka nikaenda mbele. Mwalimu wangu wa insha katika madarasa ya jioni, huko ukubwani nilikopata cheti changu, alikuwa akiniandikia kwa wino mwekundu, "Punguza chumvi." Sikumweleza nilikoitoa. Niliitoa pale, kwa kazi maalum.

Mzee Kanji akajifuta macho, akasema, "Wakubwa kweli. Lakini kesho Odhiambo atapita hawa wote."

"Hawezi," nikasema.

"Nasema nini wewe?"

"Odhiambo hawezi. Hafiki mia. Ni mpigaji wa kawaida, hata soksi amenunua bure. Hawezi kuwa karibu na hawa hata akicheza mpaka azeeke."

Nikasikia mbao za mlangoni zikilia. Odhiambo alikuwa amesimama pale na viatu vyake vya mechi mkononi. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Aliviweka chini polepole, moja kando ya kingine, akatoka.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa sababu Mama alisema niende naye. Tukafika kwenye reli. Hapo akasimama.

"Akinyi, kweli unaona siwezi?"

Nilitaka kumwambia kuhusu msumari. Neno lilikuwa pale mdomoni, lina ladha ya chuma. Nikaona nikilitamka nitakuwa nimelipigilia mimi.

"Ndiyo," nikasema.

Akavuka reli, nikamfuata. Upande wa pili akasema bila kugeuka, "Basi kesho usikae jikoni. Kaa mbele kabisa unitazame."

Sikukaa mbele. Jumapili, watu wa Kitale walipomaliza kupiga na zamu yetu ikafika, niliingia jumba la kilabu, nikavuta benchi mpaka ukutani, nikapanda, nikaushika ule msumari kwa mikono yote miwili. Hoja yangu ilikuwa rahisi. Bati haiwezi kutundikwa mahali penye mtu.

Kwa hiyo ile mechi kubwa kuliko zote za maisha yetu mimi sikuiona. Niliisikia kwa mgongo. Nilisikia Odhiambo akiingia, kwa makofi. Nilisikia ile sauti yake, mpira ukitoka, na Mama jikoni: "Huyo ni wangu." Tena. Tena. Nilisikia watu wakihesabu kwa pamoja, arobaini, hamsini, na kila walipopiga kelele, zile bati tatu kando yangu zilianza kugonga. Kwanza kila moja kwa mwendo wake. Halafu, Odhiambo alipopita sabini, zikaanza kukubaliana. Zilikuwa kando ya sikio langu kabisa. Tok. Tok. Tok. Zote tatu, kama moyo wa mtu mmoja, na mafuta mapya yakinuka mpaka kichwa kikazunguka. Nikazitazama na kuziambia kwa kunong'ona, "Nyinyi ni wakubwa. Nyinyi ni wakubwa zaidi. Yeye ni wa kawaida." Hazikunisikiliza. Nadhani zilikuwa zinamsikiliza yeye.

Tisini. Jumba likaanza kuwa giza. Ilikuwa mchana, saa tisa hivi, lakini dirisha lilikuwa limegeuka rangi ya zambarau, na huko nje kelele za watu zilikuwa zimeshuka, kama watu wanaotazama kitu kinachokuja. Nikasikia mpira mmoja zaidi, na Mzee Kanji akipaza sauti iliyokatika: "Tisini na nne."

Kisha paa likapigwa.

Mvua ya mawe ya Eldoret unaijua. Ile siku ilikuwa ya mawe kama mayai ya bata, na mengine yalikuja na bata wake. Sikusikia tena watu. Sikusikia hata bati. Niliushika ule msumari nikafumba macho, na nilipofumbua, mlango ulikuwa wazi na kaka yangu alikuwa amesimama ndani yake akiwa mweupe kabisa.

Mweupe uso, mweupe nywele, mweupe mikono. Bati yake ilikuwa inaning'inia mkononi. Maji yalimtiririka bila sauti, kwa sababu ya lile paa. Alinitazama, akanyoosha mkono wenye bati kuelekea kwangu.

"Umekufa?" nikamwuliza.

"Njaa," akasema. "Sambusa ziko wapi?"

Alikuwa ameteleza kwenye mstari wa chokaa akikimbilia jumba, akabingirika nao mzima. Mvua ilikuwa inamwosha sasa, rangi yake inarudi kwa michirizi, na mimi nilikuwa nalia mpaka napaliwa. Nikamwuliza kama amefika mia.

"Tisini na nne. Hakuna aliyenitoa. Uwanja umekuwa ziwa, mechi imekwisha hivyo hivyo." Akakaa kwenye benchi, miguuni pangu. "Ulikuwa na haki, kadogo. Sikufika."

Nyuma yake akaingia Mzee Kariuki, analowa, anavua lile koti lake refu la urefa. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Toa mkono, mtoto," akasema. "Mtu anapigilia msumari wa koti lake, anakuta umeota msichana."

Nikatoa mkono. Akatundika koti, likabaki pale linadondosha maji, mikono yake mitupu imelegea. Zile bati tatu hazikugonga. Nje mvua ilikuwa inaendelea, na yule mgeni wa Nairobi alikuwa anauliza kwa sauti, kwa mtu yeyote, huyo kijana ambaye hatoki yuko wapi, aandae nguo zake.

Hivyo ndivyo Odhiambo alivyopiga. Na sasa angalia, na mimi nafanya kama wazee, naruka miaka yote: karakana, mke wake, binti zake wanne, ile mechi nyingine na nyingine, na kila Krismasi alivyonichokoza mbele ya wageni, "Huyu ndiye aliyesimamia msumari," mpaka wanangu wakamwita mjomba wa msumari. Naruka, kwa sababu tulimzika majuzi, mvua zilipoanza. Katika vitu alivyoacha, shemeji yangu alinipa kimoja kilichofungwa kwa shuka. Kilikuwa bado na mpira wa tairi la baiskeli kwenye mpini.

Jumba bado lipo. Mlinzi alinifungulia akasema nisichelewe. Picha ya juu ilishaondolewa, pamebaki mraba wa mbao ambao haukupigwa na jua. Wazee wote wawili walishaenda, na koti pia. Bati tatu zipo, vumbi tupu, na kando ya Jayu ule msumari, umekuwa mwekundu kwa kutu, haujapinda hata kidogo.

Kwa hiyo nilikuwa nimeona vizuri wakati ule. Nilikosea saa tu.

Nikashusha zile tatu kwanza, nikazipaka, nikawasemea wenyewe kwa ufupi, kwa sababu nao wamengoja miaka. Kisha nikamimina mafuta kiganjani, nikashika ya kaka yangu.

"Odhiambo yuko kwa mkeka," nikaanza, na sauti yangu ilinishangaza, ilikuwa imerudi ile ya kung'oka meno. "Ana tisini na nne. Mbingu ni nyeusi kutoka Kitale mpaka hapa. Mrushaji anakuja mbio kutoka upande wa reli, na mawe ya kwanza yanaanguka. Odhiambo hatazami mawe. Anatazama mpira. Anaupiga. Unavuka kamba ya mpaka, hizo ni sita zenyewe. Unavuka Huruma, Mama anausikia anasema huyo ni wangu. Unavuka Langas, kule kwa Mzee Kariuki maharagwe yanaruka gunia. Unapita katikati ya mawe ya mvua unayapasua. Mpaka leo haujashuka. Mia. Hakuna aliyemtoa."

Niliweza kumpa mia yake sasa. Hapakuwa na la kumlinda tena.

Mafuta yalipokauka mkononi nikasema alivyoondoka: alilala kitini mchana, redio ikiwa kando ya sikio, akaacha kuisikiliza. Nikafunga kamba, nikapanda benchi, nikamtundika.

Nje hakukuwa na upepo. Moshi wa nyumba za Huruma ulikuwa umenyooka. Mlinzi alikuwa anafunga kufuli, akasimama na ufunguo mkononi, akainamisha kichwa kwenye mlango.

"Mama," akasema, "kuna mtu umeacha ndani?"

Nikasikiliza naye. Nilihesabu kwa uangalifu, kwa sababu watu husema naongeza.

"Wanne," nikamwambia. "Usiwafungie dirisha."